Jinsi ya kumtoa Acholeplasma kwenye udongo na pua ya ng'ombe, na kuhakikisha hajatoka kwenye chupa yako mwenyewe

Huyu bakteria hana ukuta. Wenzake wengi unaowajua, wa tumboni, wa kooni, hata wale wa maziwa ya mgando, kila mmoja ana ganda gumu nje ya utando wake, yeye anatembea na utando peke yake kama mtu aliyetoka barabarani na singlendi. Anaitwa Acholeplasma laidlawii, yuko kwenye udongo, yuko kwenye mbolea na maji taka, yuko kwenye pua ya ng'ombe, na balaa lake kubwa kwa sisi watu wa maabara ni kwamba anaweza kuwa ndani ya vitu vyako vya kazi kabla hata hujafungua sampuli.

Naandika kwa mtu aliye maabara ya chuo au ya mifugo, anajua kutumia pipeti na otokilevu, ila hajawahi kufanya kazi na hawa wasio na ukuta. Na naandika kwa sababu mi mwenyewe niliumbuka. Mara ya kwanza nilipanda udongo wa bandani Morogoro kwenye tyubu sita, siku ya tisa zote sita zimegeuka njano safi kabisa, dalili kwamba kuna kiumbe kimeota, nikapiga picha, nikamtumia msimamizi wangu, akajibu neno moja tu, "Kontroli?" Nikarudi kuangalia raki, tyubu ya saba ambayo haikuwekwa udongo wowote nayo njano vilevile. Kumbe nilichokuwa nakuza siku tisa zote ni mgeni aliyekuja na siramu, yale maji ya damu ya mnyama tunayotia kwenye midia, yaani chakula cha kuwakuzia. Udongo wangu haukuhusika na chochote.

Kwa hiyo mwongozo huu umepangwa kwa kufuata aibu ile. Vitu vingi utavikuta kwenye itifaki yoyote, ila mpangilio wa kontroli ni wa kwangu na nitaung'ang'ania.

Kwanza umjue unayemtafuta

Mwaka 1936 jamaa wawili wa London, Patrick Laidlaw na William Elford, walichukua maji taka wakayapitisha kwenye filta ambazo Elford alikuwa mtaalamu wa kuzitengeneza kwa vipimo tofauti vya vitundu. Walichokuwa wanawinda ni viumbe vidogo vya kupita pale ambapo bakteria wa kawaida wanakwama, wakapata viumbe vinavyoota vyenyewe kwenye midia bila kuhitaji seli hai kama virusi wanavyohitaji. Huyu Laidlaw ndiye yule yule aliyekuwa na Wilson Smith na Christopher Andrewes walipopata kirusi cha mafua ya binadamu mwaka 1933, kwa hiyo alikuwa anajua tofauti. Mwaka uliofuata Mjerumani Seiffert akawapata viumbe wa aina hiyo kwenye udongo na mboji, na hapo ndipo ikajulikana hawaishi kwenye mwili wa mgonjwa tu.

Jina la sasa lilitolewa na Edward na Freundt mwaka 1970. "Chole" kwa Kigiriki ni nyongo, na kolesteroli imepata jina lake humo humo maana iligunduliwa kwenye vijiwe vya nyongo. Ukiweka "a" mbele unapata asiye na nyongo, yaani asiyehitaji kolesteroli. Mi hili jina nalipenda kwa sababu ndio kipimo chenyewe: ndugu zake wa jenasi ya Mycoplasma bila kolesteroli ya kuombaomba hawaoti, huyu anajitengenezea mafuta yake na maisha yanaenda. Kumbuka hilo, tutalitumia huko mbele.

Kundi zima linaitwa Mollicutes, Kilatini cha ngozi laini. Jenomu, yaani maandishi yote ya urithi, ya A. laidlawii aina ya PG8 ina herufi karibu milioni 1.5, ndogo ukilinganisha na E. coli ya kwenye vitabu yenye milioni 4.6, ila kubwa kuliko ya Mycoplasma wengi. Na kuna kitu kingine kizuri, kwenye Mycoplasma alama ya herufi tatu UGA ndani ya jeni inasomwa kama triptofani, kijenzi kimoja cha protini, kwa huyu inasomwa kama "simama hapa" kama kwa bakteria wa kawaida, kwa hiyo jeni zake ukizihamishia kwenye E. coli hazikatikikatiki ovyo.

Ndugu zake wa karibu wengine ni fitoplasma, wale wadudu wa ugonjwa wa kunyong'onyea unaokausha minazi huku pwani ya Tanzania, Kenya na Msumbiji. Fitoplasma kumwotesha kwenye midia ni kazi iliyowashinda watu miaka mingi, kwa hiyo mtu wa minazi akitaka kuelewa utando wa hawa viumbe anamtumia Acholeplasma kama ndugu anayekubali kuongea.

Ruhusa, na ng'ombe gani usimguse

Udongo wa shamba lako chukua. Ng'ombe ni habari nyingine, unahitaji kibali cha maadili cha taasisi yako, ridhaa ya mwenye ng'ombe na afisa mifugo wa eneo ajue. Na hapa nasema bila mzaha: chukua kwa ng'ombe wazima tu. Ukikuta ng'ombe anakohoa, anapumua kwa shida, kichwa kakinyoosha mbele na viwiko kavipanua, funga boksi lako, mpigie afisa mifugo. Homa ya mapafu ya ng'ombe nayo inaletwa na asiye na ukuta, Mycoplasma mycoides, ni ugonjwa wa kutolewa taarifa kisheria na haufanyiwi kazi kwenye maabara ya mafunzo. Kwa mbuzi hivyo hivyo, homa yao ya mapafu ina mdudu wake ambaye aina ya F38 ilipatikana Kenya mwaka 1976. Na chanjo ya ng'ombe inayotumika Afrika, T1/44, aina yake ya mwanzo ilipatikana Tanganyika mwaka 1951, hiyo 44 ni idadi ya mara walizoipitisha kwenye mayai yenye kifaranga. Kwa hiyo ukanda wetu una historia na hawa viumbe, hatuwasomi kwenye vitabu vya wenzetu tu.

A. laidlawii yeye kwa kawaida hana ubaya na mnyama. Kumkuta puani haimaanishi ng'ombe anaumwa na ukiandika hivyo kwenye ripoti utakuwa umemtia mfugaji hasara ya bure.

Midia

Msingi ni brothi ya PPLO, kifupi cha zamani enzi hawa wakiitwa viumbe mfano wa wale wa homa ya mapafu, jina la ugonjwa wa ng'ombe limebaki kwenye kopo mpaka leo. Kwa karibu lita moja mi nafanya hivi: poda ya PPLO gramu kama 15 kwenye mililita 700 za maji yaliyosafishwa, fenoli redi kidogo ya kuleta rangi, napika kwenye otokilevu nyuzi 121 dakika 15, naacha ipoe mpaka chupa unaweza kuishika bila kitambaa. Ndio naongeza mililita 100 za maji ya hamira mbichi, glukosi mpaka ifike kama asilimia 1, siramu ya farasi, na penisilini G uniti 500 hadi 1000 kwa mililita. Rekebisha pH iwe 7.6 hadi 7.8, rangi iwe nyekundu ya juisi ya rozela. Ikiwa imeelekea chungwa kabla ya kupanda basi huna midia hapo, una matatizo.

Siramu. Itifaki za Mycoplasma zinasema asilimia 20, na mtu anaweka 20 kwa mazoea. Kwa Acholeplasma huhitaji kiasi hicho, asilimia 5 inatosha kumpa mwanzo mzuri, na kadiri unavyoweka kidogo ndivyo unavyoingiza wageni wachache. Ipashe nyuzi 56 kwa dakika 30 kabla ya kutumia. Siramu huwezi kuipika kwenye otokilevu, itaganda kama yai, kwa hiyo wauzaji wanaichuja. Sasa filta ya maikromita 0.2 kwa huyu ni kama wavu wa dagaa kwa mbu, hana ukuta, anajikunja anapita. Unataka iliyochujwa kwa 0.1, soma lebo, isiposema muulize muuzaji kwa maandishi. Siramu ya ng'ombe ndiyo yenye sifa mbaya zaidi, ndiko huyu anakotokea sana kwenye maabara za kukuza seli, na yumo kwenye orodha fupi ya spishi sita hivi zinazohusika na uchafuzi mwingi wa seli duniani.

Na usidhani poda kavu iko salama. Viwanda vya dawa huko nje vinajaribu mitambo yao kwa kujaza midia badala ya dawa, na imeshatokea wakakuta A. laidlawii kwenye zile chupa, wakatafuta weee kwenye mitambo na kwenye watu, kumbe katokea kwenye poda ya brothi ya soya ambayo waliichuja kwa 0.2 badala ya kuipika. Poda ya brothi siku zote pika, kile kisichopikika ndio uchuje kwa 0.1.

Penisilini inaua wenye ukuta wengi, yeye haimgusi maana hana cha kuguswa. Ila udongo umejaa bakteria wa Gram hasi ambao penisilini wanaicheka, kwa hao naongeza polimiksini B. Itifaki za zamani zinasema weka asetati ya thaliamu, inafanya kazi kweli, ila ni sumu kali ya binadamu na kama maabara yenu haina utaratibu wa kutupa taka za namna hiyo achana nayo, haina haja ya kufia tyubu. Dawa ya fangasi pia kuwa makini: amfoterisini inashika steroli, kundi la mafuta ambalo kolesteroli ni mojawapo. Acholeplasma hana steroli yake, ila ukimpa siramu anachukua kolesteroli ya humo anaipachika kwenye utando, na hapo dawa inapata pa kumshikia. Wengi wanaishia kuuliza mbona haoti.

Kontroli kabla ya sampuli

Hapa ndipo nilipoanguka kwa hiyo nitakaa kidogo.

Wiki mbili kabla hujaenda shambani, chukua tyubu tatu za midia mpya kamili, siramu na kila kitu, ziweke inkubeta nyuzi 37 bila kupanda chochote. Siku ya saba toa kidogo, hamishia kwenye midia mpya na kwenye agari, yaani midia iliyogandishwa kwenye sahani, subiri tena. Zikibaki nyekundu na agari ikabaki tupu chini ya hadubini, hiyo bechi imepita, andika namba ya siramu, namba ya kopo la poda na tarehe kwenye daftari. Bechi ikibadilika unaanza upya, hata kama ni siramu ya muuzaji yule yule, hata kama msimamizi anakupigia simu.

Siku ya kazi yenyewe unabeba kontroli tatu. Ya kwanza midia tupu inayopitia kila kitu sampuli inachopitia, filta ile ile, sindano ile ile, muda ule ule mezani, isikae tu pembeni imefunikwa halafu ukaiita kontroli. Ya pili udongo wako mwenyewe uliopikwa kwenye otokilevu siku mbili mfululizo, huu unakuonyesha kama udongo wenyewe kwa kemia yake unageuza rangi, maana udongo wenye tindikali unaweza kukupa njano bila kiumbe chochote. Ya tatu ni kontroli chanya, PG8 kama mnayo, na hii inafunguliwa mwisho kabisa baada ya kila kitu kufungwa, ikiwezekana chumba kingine. Ukiifungua mwanzo unajimwagia mwenyewe. Kuna jamaa anaitwa McGarrity, miaka ya 70 alifanyia kazi seli zenye mycoplasma kwenye kabineti halafu akapima meza, akawakuta wako hai siku 4 hadi 6 baadaye. Futa kwa ethanoli asilimia 70, acha ikauke, futa tena.

Kuchukua sampuli

Udongo chukua penye unyevu na samadi, pembeni ya boma au chini ya lundo la mboji, sio katikati ya uwanja uliokauka. Ondoa majani ya juu, chimba kama sentimita 10, kijiko kilichochomwa, gramu 20 zinatosha. Chukua sehemu tano tofauti na kila moja mfuko wake, usichanganye.

Ng'ombe ashikwe vizuri na mtu anayemjua, wewe ingiza swabu ya poliesta puani taratibu, zungusha, toa, kata kijiti iingie kwenye tyubu yenye midia. Usitumie swabu ya pamba yenye kijiti cha mti, pamba na mti vinaachia vitu vinavyowazuia hawa kuota, na hutajua kwa nini umekosa. Mzee mmoja mfugaji aliniuliza kwa nini nampangusa ng'ombe kamasi kama mtoto, nikamwambia natafuta wadudu wasio na ganda, akasema basi hao ni minyoo. Tukaachia hapo.

Weka kwenye kulboksi yenye barafu, ifike maabara ndani ya saa 24. Ikishindikana gandisha nyuzi hasi 70, ila usigandishe kwenye friza ya kawaida ya kuyeyukayeyuka kila umeme ukikatika.

Kuchuja na kupanda

Gramu 1 ya udongo kwenye mililita 9 za midia, tikisa dakika kumi, simamisha nusu saa mchanga ushuke. Chukua maji ya juu. Usiyapeleke moja kwa moja kwenye filta ya 0.45, itaziba papo hapo na utasukuma sindano mpaka filta ipasuke na maji ya udongo yakurukie usoni, naongea kitu ninachokijua. Pitisha kwanza 5, halafu 0.8, halafu 0.45. Nguvu ndogo, ukisukuma sana unawapasua wenyewe.

Kisha punguza mara kumi kumi, tyubu ya kwanza mpaka ya tano. Watu wanaona uvivu hapa wanapanda tyubu moja. Sababu ni hii: kwenye tyubu ya kwanza kuna vitu vya udongo na vya mnyama vinavyozuia wasiote, mara nyingi ya pili au ya tatu ndio inageuka rangi wakati ya kwanza imelala.

Swabu za pua nazo zipitishe 0.45, baadhi zipande bila kuchuja ili uone unapoteza kiasi gani.

Sampuli za ng'ombe nyuzi 37. Za udongo gawanya, nusu 30 nusu 37, huyu anaota kwenye joto la aina nyingi tofauti na Mycoplasma wa wanyama wanaotaka joto la mwili.

Kusoma rangi

Angalia kila siku saa ile ile, inua tyubu kwenye mwanga wa dirisha ukiweka kontroli tupu pembeni yake. Nyekundu inaenda chungwa, halafu njano, kwa sababu anakula glukosi anaachia tindikali. Maji yanabaki karibu angavu, labda kaukungu kembamba ukizungusha tyubu. Ukiona maji mazito kama ya mchele hayo ni bakteria wa kawaida waliopenya, wapo wadogo wanaopita 0.45 kama Brevundimonas diminuta ambaye ndiye anatumika kupimia filta za 0.2. Tyubu kama hiyo usitupe, ichuje tena ipande upya, wa kwako anaweza kuwa humo chini.

Siku ya tatu hadi ya saba wengi wanageuza. Usipoona kitu hamishia kidogo kwenye midia mpya siku ya saba hata kama nyekundu haijabadilika, na usiseme hakuna mpaka zipite wiki tatu. Ukiona njano usiiache wikiendi nzima, tindikali yake inamuua mwenyewe, utakuta Jumatatu tyubu nzuri ya njano yenye maiti.

Agari, na yai la kukaanga

Midia ile ile na agari asilimia 1 hivi, isiwe ngumu. Dondosha maikrolita 10 za brothi iliyogeuka, acha inyweke, funga sahani kwa utepe isikauke, inkubeta yenye unyevu. Kwa macho utaona vumbi tu au huoni kitu. Geuza sahani, weka kwenye hadubini ukuzaji wa chini, 40 hadi 100, punguza mwanga.

Hapo ndio raha yenyewe. Unaona yai la kukaanga, lile la macho ya ng'ombe, katikati pamekolea kwa sababu kiumbe kimezama ndani ya agari, pembeni pametandaa juu juu kama weupe wa yai. Yai moja ni koloni moja, kundi la viumbe waliozaliana pamoja. Koloni za Acholeplasma huwa kubwa kuliko za Mycoplasma wengi, nyingine zinakaribia milimita. Jaribu kuikwangua kwa kitanzi, haitoki, ile kiini imeng'ang'ania chini. Tone la mafuta ya siramu au kiputo cha hewa vinaweza kufanana nayo, ila vyenyewe ukisukuma vinasogea.

Sasa usikimbilie kupima. Udongo mmoja unaweza kuwa na aina tatu zimekaa pamoja na wewe unaona yai tu. Kata kipande kidogo cha agari chenye koloni moja, weka kwenye brothi, ikigeuka chuja 0.45, punguza, panda tena agari, chukua koloni moja. Rudia mpaka mara tatu. Inachosha, ndio, na ndicho kiwango wanachokubali wanaoandika spishi mpya.

Kumtambua

Stani ya Gram, ile ya kugawa bakteria kuwa chanya na hasi kwa rangi, haikusaidii hapa, atatoka waridi kama Gram hasi kwa sababu hana ukuta wa kushika rangi ya zambarau, wakati kiukoo yuko karibu zaidi na wale chanya.

Hakikisha kwanza sio bakteria wa kawaida aliyevua ukuta kwa sababu ya penisilini uliyomwekea. Hao wapo na wanatoa yai vilevile. Mhamishe mara tano kwenye midia isiyo na penisilini kabisa. Aliyevua atavaa tena, utaona maji mazito na koloni za kawaida. Wa kwako atabaki uchi.

Halafu digitonini, ndio kile kipimo cha jina lake. Panda agari ijae, weka kakaratasi ka duara kenye digitonini, kausha vizuri, subiri. Digitonini inatoboa utando wenye steroli. Mycoplasma ataacha duara tupu la milimita kadhaa kuzunguka karatasi, Acholeplasma anaota mpaka karibu kabisa na ukingo. Vaa glavu na usipumue poda yake. Weka kontroli mbili, mmoja wa kila upande.

Thibitisha kwa kumpeleka kwenye midia isiyo na siramu, yenye albumini iliyotolewa mafuta na Tween 80 kidogo, mhamishe mara tano. Mara ya kwanza wote wanaota kwa sababu ya siramu iliyobebwa, ndio maana ya kuhama hama. Anayefika ya tano akiwa na nguvu haombi kolesteroli kwa mtu.

Baada ya hapo pima anachovunja: glukosi ndio, arginini hapana, yurea hapana. Na kusanya seli nyingi kwenye sentrifuji uangalie rangi ya tope chini ya tyubu: A. laidlawii anatengeneza karotenoidi, tope linakuwa na unjano. Kuna ndugu yake anaitwa A. axanthum, jina lenyewe linasema hana njano.

Kisha PCR, yaani kunakili DNA mara nyingi, ya jeni ya 16S inayotumika kutambua bakteria, kwa praima (vipande vya kuanzishia) za Mollicutes, na nakala zipelekwe kusomwa herufi. Weka kontroli ya kutoa DNA isiyo na seli, pamoja na ile kontroli ya maji. Na hapa rudi kwenye bechi zako: kama udongo wa sehemu tano tofauti, kilomita kadhaa mbalimbali, umetoa Acholeplasma mwenye herufi zile zile moja kwa moja bila tofauti hata moja, na pua za ng'ombe nazo vilevile, usifurahi bado. Inawezekana. Ila mi ningechukua siramu ileile niliyobakiza friji, kama mililita 100, niipande yote kwenye lita moja ya midia iliyotengenezwa kwa siramu nyingine iliyofaulu kontroli, nisubiri wiki tatu. Ujazo mdogo hauwaoni wakiwa wachache, ndio maana zile tyubu tatu za mwanzo zinaweza kukupitisha kimakosa.

Ukishampata kweli

Anza na jaribio la rahisi kabisa. Osha seli, zikusanye, halafu zimwagie kwenye maji matupu ya nyuzi 37. Maji yanaingia, hakuna ukuta wa kuzuia, zinavimba zinapasuka, kaukungu kanapungua machoni pako. Ukizungusha kwa sentrifuji yenye nguvu unabaki na utando peke yake, safi, hauna ganda la kutenganisha. Shmuel Razin kule Jerusalem alianza kuutoa hivi miaka ya 60, na mwaka 1969 Steim na wenzake wakaupasha moto kwenye kalorimita, kifaa cha kupima joto linalonyonywa, wakaona mafuta ya utando yanayeyuka kwa namna ile ile kwenye seli nzima na kwenye mafuta yaliyotolewa peke yake, ushahidi mzito wakati ule kwamba mafuta ya utando yamejipanga tabaka mbili. Na kwa kuwa huyu unaweza kumlisha asidi ya mafuta unayotaka wewe akaijengea utando, wakaweza kusogeza joto la kuyeyuka juu na chini kwa kubadilisha chakula.

Kutunza hakuna mambo mengi. Brothi changa ambayo imefika chungwa, isiwe njano, gawa mililita moja moja kwenye vitubu kumi, hasi 80. Kila kitubu andika kwa penseli au kalamu isiyofutika kwa spiriti: namba ya sampuli, mara ngapi amehamishwa, tarehe, na namba ya bechi ya siramu. Viwili peleka friza ya jengo lingine lenye jenereta yake.